Datsun 240Z iliyolala Mbale: uinunue au uiache, na injini ipi ibaki ndani yake

Swali

Mzee, salamu kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na tangu utotoni nimependa magari ya michezo ya zamani kuliko kitu kingine chochote chenye magurudumu. Majuzi nimeonyeshwa Datsun 240Z iliyofichwa kwenye banda la mabati huko Mbale. Imesimama miaka mingi, injini haizunguki, lakini umbo lipo. Mwenyewe ni mzee aliyeachiwa na tajiri wake wa zamani. Fundi wangu anasema tuitoe injini hiyo, tuweke ya Toyota kutoka soko la vipuri la Kisekka, Kampala, tupige rangi, nianze kushindana. Ndugu zangu wanasema nimechanganyikiwa, ninunue Toyota Premio. Je, niinunue? Nimsikilize fundi? Na gari kama hili linaweza kushindana wapi siku hizi?

Jibu

Inunue, ndugu yangu, ila kwa masharti mawili: karatasi zake ziwe zimenyooka, na bodi iwe bado nzima katika sehemu nitakazokutajia. Injini isiyozunguka isikutishe, maana katika matatizo yote uliyonayo hilo ndilo dogo. Fundi wako mwambie kwa heshima kwamba injini ya Toyota abaki nayo. Najua anakutakia mema, na kwa gari la kwenda shuleni na sokoni ushauri wake ungekuwa sawa kabisa. Kwa gari hili, utakuwa umeondoa kitu ambacho hakuna duka Kisekka litakalokuuzia tena.

Nianze na hilo, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mpaka zilipobaki za Kenya peke yake, katikati ya miaka ya 1970, zilikuwa mbio zetu sote: murram yetu, tope letu la masika, mito yetu iliyofurika. Magari mengi yalianza na machache mno yakamaliza. Mwaka 1963 yalirudi 7 tu, na mwaka 1968 yakarudi 7 tena.

Datsun 240Z ilitoka kiwandani mwishoni mwa 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo, na nyuma yao, nafasi ya pili, akaja Shekhar Mehta kwa 240Z nyingine. Mehta alizaliwa Uganda. Familia yake ilikuwa miongoni mwa zile za Wahindi zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, wakahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, akiwa na Lofty Drews kwenye kiti cha pili, akashinda Safari kwa 240Z. Walimaliza sare kwa pointi na Harry Källström, naye wa Datsun, Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mwaka huo ndio mashindano ya dunia ya rali yalianza, na Safari ilikuwemo. Kisha Mehta akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sisemi gari la huyo mzee lilishindana. Nasema ni la ukoo uleule, limezeeka katika nchi ileile, na likiwa na injini yake linabaki kuwa gari la wakati ule. Likiwekwa injini ya Toyota ya miaka ya 1990, umebaki na sura ya 240Z iliyovaliwa na gari lingine. Watu wa mbali wataipiga picha, lakini anayeyajua magari haya atafungua boneti na kuifunga.

Sasa twende Mbale.

Kabla hujataja bei, fungua boneti utafute namba ya chesisi. Imegongwa kwenye ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Isugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie msasa. Inapaswa kuanza na HS30, ambayo ndiyo alama ya 240Z za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani. Ukikuta HLS30 hilo ni la usukani wa kushoto, aina iliyopelekwa zaidi Marekani, na itabidi ujiulize nani aliuhamisha usukani na aliuhamisha vipi. Ukikuta S30 tupu, ni la soko la Japani lenyewe, ambako mengi yalikuwa na injini ya lita 2. Kisha nenda kwenye bloku, upande wa plagi, karibu na inapokutana na hedi: pale pamegongwa L24, ndilo jina la injini hii, na namba yake. Kwenye chumba cha injini kuna pia kibati cha kiwanda chenye namba zote mbili. Zikilingana, una gari lililobaki na moyo wake wa tangu kuzaliwa, na hapo hata ningekopa ili nilinunue.

Halafu karatasi. Hapa nakuomba uwe mgumu. Magari mengi ya mwaka 1972 yaliachwa haraka, Wahindi wamepewa siku 90 waondoke, na yalipita mikononi mwa madereva, wanajeshi, majirani na wafanyakazi bila mtu kuandika chochote. Wengine walipewa kwa moyo mweupe, wengine walijichukulia. Logibuku iwepo. Kama jina lililomo ni la tajiri aliyeondoka, taka kuona mzee alivyopata: barua, hati ya mauziano, chochote chenye sahihi. Kama hakuna, mwanasheria aitafute familia hiyo. Wengi wanapatikana, wengine walirudi Uganda miaka ya 1990, na mara nyingi wanafurahi kusikia gari la baba bado lipo. Peleka namba ya chesisi polisi na ofisi ya usajili ikaguliwe kabla hujatoa hata arubuni. Gari la historia lisilo na karatasi halisajiliki wala halikatiwi bima, na siku utakapolisafisha likang'aa ndipo wenye kulidai watakapotokea.

Ukiwa hapohapo, kaa na mzee. Muulize gari lilikuwa la nani, lilikwenda wapi, lilipata ajali gani, rangi ya kwanza ilikuwa ipi. Mrekodi kwa simu. Omba picha za zamani za familia ambazo gari limetokea hata kwa nyuma tu. Habari hizo zina thamani sawa na giaboksi nzima, na zikipotea hakuna fundi wa kuzitengeneza.

Sasa kutu, na hapa usiwe na haraka, maana ndipo fedha zako zitakapookoka au kuzama. Kwenye 240Z bodi na chesisi ni kitu kimoja. Hakuna fremu ya chini kama ya pikapu ambayo ungeweza kuichomelea peke yake. Chuma chake ni chembamba, na kiwanda hakikukiwekea kinga kubwa. Mbale chini ya Mlima Elgon mvua haichezi. Nenda na bisibisi butu, tochi na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa ili isikwaruze.

Anzia chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya hewa karibu na waipa. Majani huingia humo, yakaoza na kuziba njia ya maji, na maji yakikosa pa kutokea hushuka ndani ya mbavu za gari bila wewe kuona. Kwa nje rangi inaweza kuwa safi kabisa huku ndani pameliwa. Mimina kikombe cha maji pale, kisha inama uangalie yanatokea wapi. Yakitoka haraka nyuma ya tairi la mbele, vizuri. Yasipotoka, au yakitokea ndani kwenye miguu ya dereva, umeshajua kazi iliyopo.

Pili, kibao cha betri. Asidi imekuwa ikidondoka hapo tangu gari likiwa jipya, na chini ya kibao hicho ndipo ulipo mhimili wa mbele wa bodi. Tatu, nyanyua kapeti na ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinatoa mlio mkali, kilichooza kinanyamaza. Chini ya sakafu kuna mihimili miwili inayokwenda urefu wa gari. Ikiwa imebonyea kwa sababu ya jeki si hoja, ila ikiwa imetoboka, hesabu fedha upya. Nne, ubavu wa chini ya milango, hasa unapokutana na tairi la nyuma. Hapo pitisha sumaku. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti tu. Mwisho fungua mlango wa nyuma na uangalie ukingo ambapo mpira wa kuzuia maji unakaa, kwa sababu maji yakipita hapo huozesha sakafu ya buti na kulifikia tangi.

Sehemu moja au mbili zikiwa zimeoza, fundi bodi mzuri wa Katwe atakutengenezea vipande kwa mkono, na nimeona kazi za pale ambazo huwezi kuzitofautisha na za kiwandani. Lakini mihimili, sakafu na mbavu zote zikiwa zimekwenda pamoja, mshukuru mzee, unywe chai yake, urudi Tororo. Hapo utakuwa unanunua namba ya chesisi na kazi ya miaka.

Sasa injini. L24 ni sita za mstari, sentimita za ujazo 2,393, bloku ya chuma cha kusubu na hedi ya alumini yenye kamshafti moja juu. Krenki yake imeshikwa na beringi kuu saba, na ndiyo sababu ilivumilia Safari. Kiwanda kiliipa nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha wakati ule. Ni injini nyepesi kueleweka, haina kompyuta wala sensa. Hitilafu yake unaisikia kwa sikio na kuiona kwa macho, na ikiwa imetegwa sawasawa, kuanzia mizunguko 3,000 kwenda juu inatoa sauti ambayo mimi binafsi sijaona injini ya Toyota ya Kisekka ikiitoa.

Kwamba haizunguki maana yake, mara nyingi, ni ringi zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu kidogo. Usikubali mtu yeyote aifunge kamba kwenye Land Cruiser aivute ikiwa kwenye gia. Usikubali pia ilazimishwe kwa stata. Toa plagi zote sita. Ndani ya kila tundu mimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi otomatiki, uache ushuke taratibu kwa siku kadhaa huku ukiongeza. Kisha weka spana kwenye bolti ya mbele ya krenki ujaribu kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku itakapotembea hata nusu sentimita, nusu ya kazi imekwisha. Baada ya hapo ndipo uifungue, uoshe, upime silinda, ubadilishe ringi, beringi na gasketi zote. Hata ikikubali kuwaka kabla ya kufunguliwa, usiiwashe. Tope la miaka yote hiyo limelala kwenye sampu na linaingojea pampu ya oili.

Kama bloku imepasuka kweli, bado hujafika Toyota. Ndugu yake L24 ni L28, sentimita za ujazo 2,753, na hiyo ndiyo injini ya petroli iliyokuwa kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980, maana Datsun ni jina tu la Nissan. Zimetapakaa Afrika Mashariki, nyingine zimelala nyuma ya gereji huko Soroti na Gulu bila anayezitaka. Ni ukoo mmoja na L24 na inakaa bila kukata bodi. L24 yako iliyopasuka ipake oili, ifunge turubai, iweke kona ya gereji. Usiiuze chuma chakavu. Iko siku atatokea mtu wa kuishona.

Sababu nyingine ya kumkatalia fundi wako ni ya kiufundi tupu. Difu, ekseli za nyuma na breki za gari hili zilipimwa kwa farasi hao 151. Ukiweka injini ya farasi 300 utavunja ekseli, ukibadilisha ekseli utavunja difu, ukibadilisha difu utakuta breki hazitoshi. Utaishia kununua gari zima vipande vipande, na bado halitakuwa 240Z.

Petroli isikupe wasiwasi. Afrika kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi kufikia 2006, na watu wenye magari ya zamani wakaogopa kwamba viti vya vali vitalika. Kwa injini zenye hedi ya chuma kama ya MGB, gari la michezo la Uingereza, hofu hiyo ina msingi, kwa sababu viti vimechongwa kwenye hedi yenyewe. Hedi ya L24 ni ya alumini, viti vyake vimepachikwa vikiwa vya madini mengine. Endesha.

Kabureta ni mbili, za Hitachi, na kazi yake ni kama ya kabureta za SU za Uingereza. Mafundi wengi vijana huziogopa na kutaka kuzibadilisha, na hilo linanisikitisha, kwa sababu kuzitega ni kazi ya asubuhi moja. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Mbale haiko mbali na hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo kabureta iliyotegwa kwa pwani itakunywesha petroli nyingi, plagi ziwe nyeusi na gari lizubae.

Fanya hivi. Injini iwe imepata moto wa kawaida. Toa filta ya hewa. Chukua mpira wa maji kama urefu wa mkono, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Utasikia mlio wa hewa. Hamia ya pili. Yenye mlio mkubwa inavuta zaidi, basi ipunguze kwa skrubu yake mpaka masikio yako yakose tofauti. Kisha mchanganyiko: nati ya chini ya kabureta ipandishe mpaka mwisho, uishushe mizunguko miwili na nusu, hapo ndipo pa kuanzia. Nyanyua bastola ya ndani ya kabureta kwa milimita moja tu usikilize. Injini ikiongeza mwendo na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ikizama papo hapo, ni kidogo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, umepatia. Huku kwetu utajikuta unapandisha nati kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Endesha kilomita chache, zima ghafla, toa plagi: rangi ya kahawia hafifu ndiyo unayoitafuta.

Breki zifanye kabla ya injini. Nasema hivi kwa kila mtu na wengi hawanisikii, kwa kuwa injini ndiyo yenye utamu. Gari lililosimama miaka mingi lina maji ndani ya mafuta ya breki na kutu ndani ya silinda kuu. Usisafishe, badilisha: silinda kuu, silinda za nyuma, mipira yote, mabomba ya chuma yote. Mbele kuna diski, nyuma ni ngoma, na zikiwa mpya zinatosha kwa barabara. Kwa mashindano ya hapa nyumbani kuna siri inayojulikana na wapenzi wa gari hili duniani kote: kalipa, yaani vibanio vya diski za breki, za Toyota Hilux za 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, zinafunga mbele ya 240Z bila kuchonga mkono wa gurudumu. Kisekka hizo si za kutafuta kwa tochi. Hapo ndipo Toyota inapokuwa na nafasi kwenye gari lako! Lakini kalipa za asili zihifadhi kwenye sanduku, kwa sababu nitakayoeleza sasa hivi.

Umeuliza gari hili litashindana wapi. Kwenye mashindano ya kimataifa ya magari ya kihistoria, sheria ni zile za FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, zinazoitwa Appendix K. Kila gari linapewa pasi ya kiufundi inayoonyesha kwamba liko kama lilivyoruhusiwa kushindana wakati wake, na magari hugawanywa kwa vipindi: la 1970 au 1971 liko kipindi G2, la 1972 hadi 1975 liko H1. Injini ya Toyota inafunga mlango huo moja kwa moja, na hata kalipa za Hilux zitakurudisha nyumbani. Mashindano ya karibu yetu ni East African Safari Classic, yaliyoanzishwa Kenya mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari. Björn Waldegård, bingwa wa dunia wa 1979, alishinda humo mwaka 2007 kwa Ford Escort na tena 2011 kwa Porsche 911, akiwa amekaribia miaka 70, mwanawe akimsomea njia. Ni mbio za gharama kubwa sana na sikupi ndoto kwamba mshahara wa mwalimu utakufikisha kesho. Lakini milango hiyo uiache wazi, kwa sababu kuifunga kunahitaji asubuhi moja ya fundi mwenye gesi ya kukatia, na kuifungua tena haiwezekani.

Hapa nyumbani anzia chini. Shirikisho la vilabu vya mbio za magari Uganda, FMU, ndilo linalotoa leseni. Jiunge na klabu kwanza, ukajitolee kama msimamizi wa njia kwenye rali moja au mbili uone mambo yanavyokwenda. Kisha ingia kwenye autokrosi na mbio fupi za kiwango cha klabu, ambako gari la magurudumu mawili ya kuvuta lina kundi lake. Pearl of Africa Rally, rali kubwa ya Uganda, iache kwanza. Humo Subaru na Mitsubishi za magurudumu manne zitakupita kama umesimama, nawe utajaribu kuzifuata, na hivyo ndivyo magari ya zamani yanavyovunjika. Uganda ina historia nzito ya rali, mwaka 1999 Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika, na watu wa mbio wa hapa wanaheshimu gari la zamani linaloendeshwa vizuri. Utashangiliwa kuliko yule wa kwanza.

Kuendesha gari la kihistoria kwenye mashindano kuna adabu yake. Hushindani kwa gharama ya gari. Unakwenda kwa asilimia ambayo gari litarudi nayo nyumbani, unaacha nafasi kwenye kona, unatii kipimo cha oili na cha moto kuliko unavyotii saa. Ukienda kuangalia picha za Goodwood huko Uingereza, ambako tangu 1998 hurudishwa magari ya aina zilizokimbia hapo kati ya 1948 na 1966, utaona Ferrari na Jaguar za thamani ya kutisha zikiteleza pembeni kwa pembeni. Zinaendeshwa kwa sababu ziliundwa ziendeshwe. Mihuri ya mafuta hukauka gari likisimama, pistoni hushika, petroli hugeuka gundi. La huyo mzee halikuharibiwa na mbio, limeharibiwa na kusimama. Kwa hiyo ukilimaliza usiligeuze pambo la harusi.

Utajiuliza, au ndugu zako watakuuliza, kwa nini usiagize la nje lililokwisha tengenezwa. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Ukiona mtu anakuuzia MGB au 240Z iliyoko Japani au Uingereza na kukuhakikishia kwamba ataipitisha, mwambie akuletee jibu la maandishi kutoka forodha kabla hujatuma hata shilingi. Ndiyo maana magari ya zamani yaliyomo nchini tayari, kama hilo la Mbale, nayaona kama hazina ya taifa. Yakikatwa hayaji mengine.

Kuhusu Premio, ndugu zako wana haki upande mmoja: usiuze gari unalotegemea ili ununue hili, na usikope dhidi ya kiwanja. Fedha uliyonayo igawe kabla hujaondoka Tororo. Ya kununulia isizidi theluthi. Theluthi nyingine ni ya bodi. Iliyobaki ni ya breki, injini na matairi, na matairi yawe mapya kabisa. Ya inchi 14 bado yanapatikana, na kila tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, hivyo usiuziwe la zamani lenye kashata nzuri. Rangi iwe ya mwisho. Gari lenye breki mpya na rangi iliyopauka unaliendesha Jumapili, lenye rangi mpya na breki mbovu unalitazama tu.

Likishawaka, usilipeleke mbali. Zungushia Tororo na Malaba, bila kupandisha mizunguko sana, mpaka kilomita 800 hivi zipite. Kisha mwaga oili, kaza upya bolti za hedi kwa kipimo, na tega vali injini ikiwa ya moto: za kuingiza milimita 0.25, za kutolea 0.30. Ukizisikia zinagonga kidogo, ziache zigonge. Vali inayosikika iko salama kuliko iliyonyamaza kwa kubanwa. Ukifika hapo niandikie tena, na uniambie namba uliyoikuta kwenye ule ukuta wa chuma, ndipo tutazungumzia kizimba cha vyuma, mikanda na kofia, maana hivyo havinunuliwi kabla ya kujua gari ni la mwaka gani.